KALEMIE: MOTARI MWENYE FEZA YA MPIRA MMOJA

Kalemie, Tanganyika. – Siku ya posho, saa moja asubuhi, kandokando ya aveni Lumumba, motari mmoja wa miaka 34 alisimama mbele ya duka la vyombo vya pikipiki akiwa na dola 30 mfukoni. Pikipiki yake, TVS nyekundu ambayo imekwisha kubadilishwa karibu kila kitu isipokuwa jina, ilihitaji mipira miwili, wa mbele na wa nyuma. Mwenye duka alimwekea chini mipira ya aina mbili. Ya kwanza ni dola 14 kila mmoja, maana yake miwili kwa dola 28. Ya pili ni mpira mmoja tu wa nyuma, mnene na mzito mkononi, kwa dola hizo hizo 28.

Ndugu zetu wa Kigoma wanaita tairi. Hapa ni mpira, na mpira wa ndani unabaki mpira wa ndani.

Feza hiyo haikuwa ya mchezo. Wamotari kumi wa pakingi yake wanachangishana likelemba kila juma, na zamu yake ilikuwa imefika. Nyumbani mke wake alikuwa amekwisha kuipangia kazi nyingine, minervali ya mtoto wa pili. Walibishana usiku mzima, na asubuhi mama huyo alimwambia neno moja tu: “Baba, nenda ununue mipira. Ila usinunue kama ile ya mwezi wa tatu.”

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado inanyesha, motari huyo alikuwa kwenye barabara ya Nyunzu, mbele kidogo ya kuteremkia kwenye daraja la miti. Nyuma yake alikaa mama mmoja mhamishwa pamoja na mtoto wake wa miaka 6, na nyuma yao mzigo: gunia, bidoni, furushi la nguo na sufuria. Mpira wa mbele ulipasuka. Usukani ukamtoka mikononi, pikipiki ikalala upande, na wote watatu wakajikuta kwenye matope. Motari alipoteza meno mawili. Mtoto alivunjika mkono wa kushoto, na mkono ule umepona ukiwa umepinda kidogo karibu na kiwiko. Motari alilipa plasta kwa kuuza redio yake. Tangu siku hiyo hakuchukua tena safari ya mbali, alibaki mjini kubeba wanafunzi na wauza ndagala.

Sasa mama yule yule amerudi kwake. Mvua zimeanza, ni wakati wa kupanda, na anataka kurudi kijijini upande wa Nyemba kutazama shamba lake. Alisema hamjui motari mwingine. Watu wa pakingi walishangaa sana, maana walidhani ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye angepanda tena pikipiki ile.

Familia za wahamishwa zinaelewa jambo hili bila kuelezwa. Vita kati ya Watwa na Waluba vilipopamba moto mwaka 2016 na 2017, maelfu ya watu waliacha vijiji vya Nyunzu, vya Manono na vya Kalemie yenyewe, wakajenga vibanda vya majani na shiti kandokando ya mji. Wengine wamerudi, wengine wamerudi wakakimbia tena, wengine hawakuwahi kurudi. Ziwa nalo lilipanda mwaka 2024 hadi likaingia ndani ya nyumba za watu, likawahamisha hata wale waliokuwa wenyeji. Halafu mwaka 2025, baada ya Bukavu kuchukuliwa mwezi wa pili, mashua zilishusha hapa familia kutoka Uvira na Fizi. Katika kwenda na kurudi huko kote, treni ya kwenda Kabalo, ambayo njia yake ilifika hapa mwaka 1915, si kitu cha kungojea kwa saa. Lori la Fuso linakuja pale linapojaa. Kinachobaki ni pikipiki. Ndiyo ambulansi, ndiyo lori la kuhama, na wakati mwingine ndiyo gari la maiti.

Na pikipiki yote inasimama juu ya vipande viwili vya mpira vinavyogusa udongo, kila kimoja si kikubwa kuliko kiganja cha mtoto.

Motari hakununua asubuhi ile ya posho. Alimwomba mwenye duka amwekee mipira hadi jioni, akaenda kwa mzee mmoja fundi wa kuziba mipira anayekaa chini ya mwembe kule Kataki. Mzee huyo alianza na baiskeli kabla pikipiki hazijajaa mjini, na hadi leo hana mashini yoyote isipokuwa vyuma viwili vya kubandulia, pampu ya mguu, beseni la maji na jiko la kuchomea viraka. Motari alikuja na ule mpira uliopasuka mwezi wa tatu. Alikuwa ameuhifadhi nyuma ya nyumba, hakujua kwa nini.

Mzee aliugeuza ndani nje, akaupitisha vidole kimyakimya kama mtu anayechambua mchele. Ndani, karibu na ubavu, nyuzi zilikuwa zimekatika katika mstari mrefu, zikiwa nyeusi kwa kusagana.

“Mupira huu ulitoka wapi?”

“Ulikuwa wa nyuma, muzee. Meno yalipoisha katikati nikauhamisha mbele. Pembeni ulikuwa bado muzuri.”

“Haukupasukia mbele huu,” mzee akasema. “Ulikufa nyuma, siku nyingi. Weye ukautembeza mbele kama mutu muzima.”

Karibu kila motari wa Kalemie anafanya hivyo. Mpira wa nyuma ukichakaa unahamishiwa mbele, kwa sababu mbele hakuna uzito. Ni mawazo ya mtu anayetazama meno tu. Meno yanashika udongo, lakini kinachobeba mzigo ni nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira pamoja na hewa, na nyuzi hazionekani kwa nje. Mpira uliobebeshwa kupita nguvu zake hukunjika ubavuni kila gurudumu linapozunguka, mara maelfu kwa saa. Kukunjika kunaleta joto, na joto linachosha nyuzi. Ukiupumzisha kwa kuuweka mbele haujaupa uhai mpya. Na mbele ndiko mahali pabaya kuliko pote pa kupasukiwa. Nyuma ikipasuka, pikipiki inayumba kama mlevi na dereva mwenye bahati anaweza kuisimamisha. Mbele ikipasuka, usukani unaondoka wenyewe.

Ndipo motari akauliza swali ambalo pengine alipaswa kuuliza miaka mingi iliyopita: siku ile nilibeba kilo ngapi?

Hakuna aliyejua, kwa hiyo walikwenda kupima. Mnunuzi mmoja wa mahindi ana mzani mkubwa wa chini, wa kupimia magunia. Mchana jua likiwa kali, motari alisukuma pikipiki hadi pale, na yule mama akaitwa na mtoto wake. Walipakia kila kitu kama siku ile: gunia la kilo 50, bidoni ya mafuta ya mawese, furushi. Motari akakaa mbele, mama na mtoto nyuma yake. Watu watatu juu ya pikipiki moja, polisi wa rulaje angesema neno lake, na kofia ya chuma haikuonekana kichwani mwa hata mmoja. Watoto wa mtaa walikusanyika wakicheka. Gurudumu la nyuma likawekwa juu ya mzani huku la mbele limewekwa juu ya tofali za urefu ule ule, kisha wakageuza.

Nyuma, kilo 238. Mbele, kilo 84. Jumla 322.

Mzee fundi, ambaye alisoma shule ya msingi tu na hana aibu kulisema, alikwenda dukani na motari kusoma yaliyoandikwa ubavuni mwa mipira. Watu wengi wanasoma jina la kiwanda na kuishia hapo. Maandishi yanayofaa ni yale madogo. Mpira wa bei ya chini uliandikwa 3.00-17, halafu 45P. Ule wa dola 28 uliandikwa 3.00-17, halafu 50P. Ile 3.00 ni unene kwa inchi, na 17 ni kipimo cha ringi unaloingia. Anayenunua mpira wa 18 kwa ringi la 17 kwa sababu namba ni kubwa zaidi amenunua kamba ya kufungia mbuzi. Herufi P ni mwendo wa juu, kilomita 150 kwa saa, jambo ambalo halimhusu mtu yeyote kati ya hapa na Nyunzu. Ila namba iliyo mbele ya herufi ndiyo uzito, na si kilo zenyewe bali ni alama: 41 ni kilo 145, 45 ni kilo 165, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, 52 ni kilo 200.

Kilo 165, kilo 190. Mzani ulikuwa umesema 238.

Motari alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amekuja kuchagua kati ya mpira mbaya na mpira mzuri, na sasa aliona kwamba hata ule mzuri haukuweza kubeba alichokuwa akibeba kila juma tangu aanze kazi. Ni habari isiyopendeza, na wauza mipira hawaitangazi. Wanasema mpira huu ni wa kazi nzito, na ni kweli kwa kadiri yake, lakini kazi nzito ya kiwandani si kazi nzito ya barabara ya Nyunzu.

Vijana wa pakingi walikuwa na dawa zao. Mmoja alisema anunue mpira wa 4.10, kama ule wa nyuma wa pikipiki ndefu za Yamaha DT zinazoendeshwa na watu wa mashirika. Ni kweli kwamba mpira ule unabeba zaidi ya kilo 240, lakini ni wa ringi la 18, na hata wenye unene huo wa ringi la 17 ungegusa mnyororo na chuma cha pembeni. Mwingine alisema achukue mpira wa zamani, akate kingo zake, auvalishe ndani ya mpira mpya, uwe mpira ndani ya mpira. Wengi wanafanya, na kweli misumari ya madaraja ya miti inapata shida kupenya. Lakini vitu viwili vinavyosuguana ndani ya nafasi iliyofungwa vinazaa joto, na mpira wa ndani unaishi katikati ya joto hilo. Mzee alikuwa na rundo la mipira ya ndani iliyokufa namna hiyo. Aliwaonyesha, hakusema zaidi.

Uzito mkubwa si mgeni katika sehemu hizi. Mwaka huo huo wa 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka upande wa kusini, wakazivuta kwa mashini za mvuke na ng’ombe juu ya milima ya Mitumba, kisha kwa reli na kwa mto Lualaba hadi hapa ziwani, mdomoni mwa Lukuga. Wale walikuwa na magurudumu ya chuma, mamia ya watu wa kukata njia, na feza ya serikali.

Motari alikuwa na dola 30 na mzani wa kuazima. Alirudi kwenye mzani. Wakatoa gunia, nyuma ikashuka hadi 183 na mbele ikapanda hadi 89. Hapo hata mwenye mzani alishangaa: gunia ni kilo 50 lakini nyuma imepungukiwa kilo 55. Mzee akaeleza kwa mkono kama watoto wanaobembea juu ya ubao. Gunia linafungwa nyuma kabisa, kupita ekseli ya gurudumu, kwa hiyo linabonyeza nyuma na papo hapo linainua mbele. Mzigo ule ule ungewekwa karibu na mgongo wa abiria, au pembeni chini, ungelemea kidogo. Ndiyo sababu pikipiki iliyopakiwa vibaya inakuwa nyepesi usukani kwenye mchanga, na dereva anadhani ni mchanga.

Wakatoa bidoni na furushi. Nyuma 153, mbele 91.

Kwa hiyo watu watatu peke yao tayari walikuwa karibu kuumaliza mpira wa dola 14. Kwa ule wa dola 28 zilibaki kilo 37. Mama, ambaye alikuwa amesimama kando akisikiliza kila kitu huku mtoto amemshika kitenge, akauliza: “Na mbegu zangu?”

Gunia lilikuwa mbegu. Karanga na mahindi, alizokusanya kidogo kidogo kwa muda mrefu kwa kulima mashamba ya watu huku Kalemie. Kurudi kijijini bila mbegu ni kwenda kutazama majani. Motari akasema hawezi kubeba gunia. Mama akasema basi hana haja ya safari. Wakakaa hivyo, kila mmoja amegeukia upande wake, na mzee akaendelea kuziba mpira wa baiskeli ya mtu mwingine.

Aliyefungua fundo ni mama. Bidoni ya mafuta alikuwa ameinunua ili akauze kijijini. Akasema ataiuza hapa hapa, ingawa faida haipo, na feza yake atamkopesha motari kama malipo ya safari mbele. Motari anunue mpira wa nguvu wa nyuma kwa feza ya likelemba, na mpira wa mbele kwa feza ya mafuta. Katika gunia atachota kilo 20 tu, karanga zaidi kwa sababu zinamaliza njaa mapema, na zilizobaki atamwachia wifi yake kambini hadi Fuso ipatikane. Lakini aliweka sharti: mipira yote miwili itafungwa yeye akiwepo, akitazama kwa macho yake.

Motari alikubali, huku ametazama chini. Kuchukua feza kwa mtu ambaye mkono wa mtoto wake umepinda kwa sababu yako si jambo la kufurahia. Lakini lilikuwa deni la wazi, na huenda ndiyo maana mama alilichagua.

Jioni walirudi dukani, wote wanne. Mpira wa mbele haukusumbua: 2.75-17, 41P, wenye mistari mirefu inayozunguka badala ya meno, dola 11. Kilo 145 kwa mzigo wa kilo 90, una nafasi ya kutosha. Watu wanapenda kuweka meno mbele pia kwa sababu yanaonekana ya kiume, lakini kazi ya mbele ni kufuata usukani na kusimamisha, na mistari inafuata vizuri zaidi kwenye lami na kwenye changarawe.

Meno ya nyuma ndiyo yalileta mjadala. Mwenye duka alikuwa na mipira miwili ya 50P, mmoja wenye meno marefu yaliyo mbalimbali na mwingine wenye meno mafupi yaliyokaribiana. Udongo mwekundu wa upande wa Nyemba ukilowa unakuwa kama sabuni. Meno yaliyokaribiana yanajaa tope na kugeuka kitu laini kama chupa, wakati yaliyo mbalimbali yanatapika tope kila yanapozunguka. Lakini motari huyu siku nyingi za juma yuko mjini, na meno marefu kwenye lami yanayumba chini ya uzito na kwisha kabla ya muda. Alichagua ya mbalimbali, akijua atayalipia baadaye. Safari ya kijijini ni siku mbili na mjini ni siku nyingi, lakini hakuna aliyewahi kumwangushia mtoto kwenye aveni Lumumba.

Kabla ya kulipa, mzee alitafuta tarakimu nne zilizo ndani ya duara dogo ubavuni. Mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Mpira wa dola 14 uliandikwa 3417, juma la 34 la mwaka 2017. Ulikuwa mpya kwa maana kwamba hakuna aliyeutumia. Ulikuwa umekaa miaka mingi bohari hadi bohari, ukavuka kwa mashua, ukatundikwa mbele ya duka juani, na ulipokunjwa kwa vidole ulionyesha mipasuko midogo kama midomo ya mtu wa kiangazi. Mipira inayokuja Kalemie kwa njia ya Kigoma au ya Mpulungu inashushwa na kupakiwa mara nyingi, na mingine inafika imekunjwa mara tatu ili ichukue nafasi ndogo. Waya wa ukingo ukipinda hivyo, mpira hautakaa sawa kwenye ringi. Ule wa 50P ulikuwa wa mwaka uliopita na kingo zake zilikuwa mviringo. Wakalipa.

Kufunga kulifanyika chini ya mwembe kwa mwanga wa tochi. Mzee alifagia ndani ya mpira kwa mkono mtupu kutafuta mchanga, akanyunyiza poda ya mtoto ili mpira wa ndani usishikane na wa nje, akautia hewa kidogo kabla ya kuuingiza usije ukabanwa na chuma. Aligonga kila spoku kwa bisibisi akisikiliza. Mbili zilitoa sauti ya uvivu, akazikaza. Alipofika kwenye nati ya shina la kujazia hewa, motari alitaka kuikaza hadi kwenye ringi kama kila mtu anavyofanya. Mzee akamzuia, akaipandisha juu hadi kwenye kifuniko. Hewa ikipungua na mzigo ukiwa mzito, mpira huteleza taratibu juu ya ringi. Nati ikiwa imekazwa, shina litang’oka bila kuonya. Ikiwa huru, shina litaanza kuinama, nawe utaliona limeinama.

“Mama,” mzee akamwambia yule mama, “hata weye unaweza kutazama. Likiwa limelala, usipande.”

Mama akalishika shina kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kwamba ameona. Hii ni habari ambayo abiria hawaambiwi. Yeye ndiye anayepanda na watoto wake, naye ana haki ya kuzunguka pikipiki mara moja kabla ya kukubaliana bei: atazame kama nyuzi zimetokeza, kama ubavu una uvimbe au mipasuko, kama shina limesimama, kama mpira unabonyea watu wakikaa. Motari anayekasirika kwa kutazamwa, bora aachwe.

Hewa waliijazia kesho yake kwenye depo yenye mashini, kwa sababu dole gumba si kipimo. Kipimo kilionyesha 25 mbele na 33 nyuma. Zile kilo 190 zilizoahidiwa ubavuni zimeahidiwa mpira ukiwa umejaa inavyotakiwa na ukiwa baridi asubuhi. Ukiwa na hewa nusu, hakuna ahadi. Tena si vizuri kuipunguza katikati ya safari kwa sababu umegusa mpira ukaukuta wa moto. Ule moto ndio unaokwambia kwamba hewa ni kidogo au mzigo ni mwingi.

Waliondoka siku ya kazi moja, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mvua. Kilo 20 za mbegu zilifungwa karibu na mgongo wa mama, furushi pembeni. Kamba zilikuwa vipande vya ule mpira wa ndani wa mwezi wa tatu, ambao mzee aliukata kwa kisu kwa sababu alisema kwa kazi hiyo bado ni mzima. Mtoto alikaa katikati, mkono wake uliopinda umezunguka kiuno cha motari. Kwenye mteremko wa daraja wote watatu walishuka, motari akaisukuma pikipiki, wakapanda ng’ambo. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo.

Motari alirudi Kalemie kesho yake jioni, peke yake, tope jekundu hadi magotini. Kwenye bariere moja walimdai feza, akatoa alichokuwa nacho. Alikwenda moja kwa moja chini ya mwembe. Kipimo cha kuazima kilionyesha 31 nyuma, shina limesimama wima, msumari mmoja mfupi umenasa kwenye jino bila kufika ndani. Mzee aliuchomoa, akautupa kwenye kopo la misumari mingine.

Mama amebaki kijijini. Shamba limeota miti midogo lakini mipaka bado inajulikana, na karanga za kwanza zilitiwa udongoni jioni ile ile waliyofika. Kilo 30 zilizobaki ziko kambini kwa wifi yake, zinangoja Fuso. Minervali haijalipwa. Zamu ya motari katika likelemba itarudi baada ya majuma kumi.